Ajwang' na Farasi wa Matanga

Nianze na vidole. Ni mwaka wa tisa sasa napiga picha katika ufuo wetu hapa Kisumu, na kama kuna kitu kinachonitia kinyaa kuliko magugu maji yanayooza, ni vidole vya mtu aliyemaliza kula samaki. Mtu anakula ngege mzima kwa mikono, anafyonza kichwa mpaka macho, anayapuuza maji ya kunawa aliyowekewa mezani, kisha anakuja kwa farasi na kupangusa mafuta kwenye nywele za shingo yake. "Piga hapo hapo, nikiwa nimemshika," ananiambia. Nami nilikuwa napiga. Nilichukua hela yangu, nikakenua, nikasema, "Asante sana, mkubwa." Moyoni nilitamani farasi ampige teke la tumbo.

Farasi alikuwa wa Karanja, mwuza mabati mjini, mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu kutafuta maisha na akayapata. Alimtoa Nairobi, ambako alikimbizwa kwenye mashindano mpaka akaacha kushinda. Alifika asubuhi moja akiwa amesimama ndani ya lori la viazi, mbavu zinahesabika, pembe za mdomo zimechanika kwa chuma cha lijamu, ubavuni makovu ya mjeledi yamepangana. Alikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyelikumbuka hata kabla ya chai ya saa nne. Karanja alimkabidhi kwa wanaume wawili wenye fimbo. Wiki ya pili mmoja wao aling'atwa bega, na mteja mmoja, karani wa benki na tai yake, akatupwa ziwani mbele ya mchumba wake. Hapo Karanja akaanza kuuliza ngozi ya farasi inauzwa wapi.

Aliyemzuia ni Lornah Ajwang', ambaye wakati huo alikuwa akikaanga samaki kibanda cha tatu kutoka kwangu. Ni mwanamke mrefu, wa miaka arobaini na kidogo, mwenye sauti ya chini isiyolingana na mwili wake. Alivua aproni, akamwendea Karanja akiwa bado ananuka mafuta, akamwambia, "Nipatie mwezi moja, baba. Na hawa watu na fimbo zao waende. Mtu yeyote asiguse yeye."

"Unajua farasi, mama?" Karanja akamuuliza.

"Sijui. Lakini najua kuvutwa."

Karanja hakuelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia kuhusu miaka yake sita ya kuuza omena, dagaa wa ziwani, kule Usenge. Kuna mtindo kule ufuoni: mwanamke anayenunua samaki hapewi samaki mpaka alale na mvuvi. Watu wameupa jina, jaboya, na wanalitaja kama wanataja aina ya wavu, bila haya, hata mbele ya watoto. Ajwang' aliishi ndani ya uchafu huo mpaka siku moja akaacha omena zake juani na kupanda gari la Kisumu. Aliyoyakubali na aliyoyakataa si kazi yangu kuuliza. Ninachojua ni kwamba mtu akimshika mkono ghafla, hata kwa salamu, anauchomoa mkono huo polepole na kurudi nyuma hatua moja.

Alimpa farasi jina la Okinyi, kama Wajaluo wanavyomwita mtoto wa kiume aliyezaliwa asubuhi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutofanya kazi yoyote. Kila siku alibeba kigoda na beseni la viazi vitamu, akaingia kwenye kiwanja kilichozungushiwa waya nyuma ya vibanda, akakaa katikati akimpa farasi mgongo, akamenya. Alimenya polepole, akiongea Kijaluo cha kawaida, mambo ya mvua na bei ya mafuta. Akimaliza aliacha maganda chini na kiazi kimoja kizima, akaondoka bila kugeuka. Sisi tuliegemea waya na kumcheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Omera," aliniambia siku ya nne, kwa maana aliniita hivyo, ndugu, "wewe wakuchape miaka kumi, halafu mtu akuje na meno nje anasema yeye ni mzuri, utaenda?"

Siku ya kumi na moja Okinyi alivuka kiwanja kizima na kumpumulia Ajwang' kisogoni. Niliona mabega ya yule mwanamke yakitetemeka, lakini hakugeuka wala hakunyoosha mkono. Aliendelea kumenya. Sikucheka siku hiyo, na nilisahau kupiga picha.

Mwezi ulipokwisha, Okinyi alibeba watoto bila lijamu, kwa kamba laini ya kichwani tu, Ajwang' akitembea kando. Langoni aliweka ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Asiyenawa hapandi. Kuna ofisa mmoja mwenye kitambi aliyekataa, akauliza kama sisi tunamjua yeye ni nani. Ajwang' akamjibu, "Mimi sikujui, na farasi pia hakujui," akafunga lango. Nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda kwa hilo, ingawa sasa hainifaidi.

Alikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Akitaka Okinyi aje, alisema "Bi ka," yaani njoo hapa, mara moja tu, kwa ile sauti yake ya chini, na farasi angeacha hata majani mdomoni na kuja. Mwishoni mwa neno hilo siku zote palikuwa na jambo jema: kiazi, kivuli, kukunwa nyuma ya sikio. Daktari wa mifugo alipokuja na sindano, Ajwang' hakulitamka lile neno. Alivua viatu, akavuka tope mwenyewe na kamba mkononi ikionekana wazi, akamfunga farasi huku akimweleza kwamba kitakachofuata ni kibaya. Daktari alikasirika kwa kucheleweshwa. "Si umwite tu, mama?"

"Nikimwita kwa sindano leo, kesho nitamwita na nini?"

Sasa nije kwa Frankline, na nitajitahidi nisiteme mate.

Baba yake, mzee Ouma, alikuwa na mitumbwi kule Asembo Bay, akafa akiwa na miaka themanini na mitatu. Frankline anaishi Nairobi, anafanya mambo ya zabuni. Alikuwa hajalala kwa baba yake miaka minne, ingawa alikuwa amejenga geti kubwa lenye simba wawili wa saruji, ili wapita njia wajue kuna mwana. Mzee alipokufa, ndipo mwana akapata nguvu. Fulana mia tatu zenye uso wa marehemu. Droni. Mahema meupe, vipaza sauti virefu kuliko nyumba ya mzee. Alikuja Kisumu kuniajiri nipige picha, akamwona Okinyi, na macho yake yakafanya kile ambacho macho ya wateja hufanya.

Mimi ni Mbukusu, kwa hiyo naeleza kama mgeni alivyoelewa. Mzee wa Kijaluo akifa, wanaume wa ukoo hutoka na ng'ombe mbio mpaka mpakani, wamejifunga majani, wanapiga kelele, filimbi na ngoma, wanachoma hewa kwa mikuki na kuifukuza mauti itoke nyumbani kwao. Wanaita tero buru. Nimeiona ikifanywa na watu waliokuwa wakilia kwelikweli, na nywele zilinisimama. Lakini ng'ombe wa mzee Ouma walikuwa wameuzwa mmoja mmoja kulipia hospitali. Walibaki saba waliokonda. Frankline aliona aibu ya ng'ombe saba mbele ya wageni wa Nairobi, na akili yake ikampa jibu ambalo haliwezi kumjia mtu mwingine duniani: ng'ombe saba, pikipiki thelathini, na yeye mwenyewe mbele, juu ya farasi.

Karanja alikubali kabla Frankline hajamaliza sentensi. Ajwang' alikataa. Karanja akamwambia farasi ni wake, na asipokwenda na Ajwang', atakwenda na wale wa fimbo. Basi Ajwang' akanivuta kando na kunipa masharti, niyafikishe kwa Frankline kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiongea naye: Okinyi atasimama getini tu, watu wapige picha. Hakuna kupanda. Na matawi yasimkaribie, kwa sababu fimbo yoyote iliyoinuliwa humrudisha Nairobi.

Nilimpigia Frankline simu. Nikamwambia, "Yule mama anasema farasi atasimama tu." Frankline akacheka, "Tutaona siku hiyo, boss." Nami nikacheka pia, kicheko kile kile cha kusema asante mkubwa. Ajwang' aliponiuliza, nilimwambia amekubali.

Kumpandisha lorini kulichukua karibu saa nzima. Dereva alitaka wamsukume. Ajwang' alipanda peke yake, akakaa ndani na beseni lake, akatazama ukuta. Okinyi alinusa ubao, akarudi nyuma, akanusa tena, mwisho akamfuata. Tulipinda pale Kisian tukaifuata barabara ya Bondo, na njia nzima nilimsikia kupitia dirisha dogo la nyuma akimsimulia farasi majina ya vituo tunavyopita.

Matanga yenyewe yalinichefua tangu getini. Wagombea viti walikuwa wakisalimiana juu ya jeneza. Wageni wa Nairobi walikuwa wakila nyama za aina tatu na kutupa nusu yake chini ya viti, ilhali wanawake waliomwogesha mzee miezi yake ya mwisho walikaa nyuma ya jiko na chai ya rangi. Kijana wa kipaza sauti alikuwa akiwaambia watu wapige makofi kwa ajili ya gari lililofika. Okinyi alisimama karibu na geti la simba, masikio yamelala, Ajwang' akiwa amemwekea kiganja shingoni. Niliona ngozi ya farasi ikicheza chini ya kiganja hicho, lakini alisimama, kwa sababu Ajwang' alikuwa amesimama.

Saa tisa pikipiki zikawashwa zote kwa pamoja. Frankline akatoka nyumbani akiwa amevaa majani shingoni na tawi bichi mkononi, wanaume wanne nyuma yake. Hawakumuuliza Ajwang' kitu. Wawili walimshika mikono na kumweka kando, na mimi nilimwona akirudi nyuma ile hatua yake moja, uso umekuwa majivu. Wengine wawili walimrusha Frankline juu. Kabla hajakaa sawa, aliinua tawi.

Okinyi hakumtupa mara moja. Nataka hilo lijulikane. Alisimama akitetemeka, akimtafuta Ajwang' kwa macho, mpaka tawi likamshukia. Hapo akaruka. Frankline alitua kwenye mtama wa jirani, miguu juu, fulana ya baba yake imempanda mpaka kwapani. Farasi akapita kati ya mahema, akaangusha kipaza sauti, akateremka moja kwa moja ziwani na kusimama kati ya mitumbwi, maji yakimfika kifuani, nyavu zimemzunguka miguu.

Tulimfuata wote mpaka ufuoni. Wengine walikuwa wakicheka, wengine wakirusha mawe madogo. Nyavu zilikuwa zikimkaza, na kila mtu aliyejaribu kuingia majini alimfanya arudi kwenye kina zaidi. Frankline alifika anachechemea, mtama kwenye nywele.

"Mwite yeye," akamwambia Ajwang'. "Wanasema anakuskia."

Ajwang' hakumtazama. Alinitazama mimi. "Omera, nikimwita, imeisha? Tunaenda lori? Uniambie wewe."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Frankline kidogo, kamera ikiendelea kurekodi. Frankline aligeuza shingo, akanikonyeza. Mkono wake wa kulia ulikuwa mgongoni, na tawi lilikuwa bado ndani ya mkono huo. Niliona. Naandika tena ili nisije nikajipunguzia: niliona. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa mamia, nilitaka jambo liishe nirudi nyumbani.

"Imeisha, dada," nikasema. "Mwite."

Akaingia majini mpaka magotini. Akasema mara moja tu, kwa sauti ya chini ambayo sijui iliwezaje kupenya kelele zile, "Bi ka."

Okinyi akaja. Alivuta nyavu hizo na kila kitu, akapanda mchangani kati ya watu wote aliokuwa akiwaogopa, akaweka kichwa chake kifuani mwa Ajwang'. Naye akashika kamba. Frankline akachomoka mbele yangu na kumpiga farasi usoni, mara ya kwanza, ya pili, huku akipiga kelele kwamba hawezi kudharauliwa na mnyama kwenye kifo cha baba yake.

Ajwang' aliiachia kamba. "Kimbia!" alimwambia. "Ringi! Ringi, Okinyi!" Alimsukuma kwa mikono yote miwili, yeye ambaye hakuwahi kumsukuma. Farasi hakukimbia. Alikuwa ameitwa na alikuwa amekuja, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba neno lile linaweza kuishia hivi. Alifumba macho akasimama. Pigo la tano Ajwang' alilipokea yeye, begani, akiwa amejitandaza mbele ya kichwa cha farasi, na la sita halikushuka, kwa kuwa shangazi yake Frankline, bibi mzee mwenye mkongojo, alikuwa amefika na kumshika mpwa wake fulana. "Mano ok dhiang'!" alimfokea. "Huyu si ng'ombe! Na wewe si mtu!" Kisha mtu akakumbusha kuwa chakula kinapoa.

Wakati wa kurudi Ajwang' alikaa nyuma na farasi kama alivyokuja, ila safari hii hakutaja kituo chochote. Tuliposhuka Kisumu alinishika bega, yeye mwenyewe, kwa hiari yake, akasema, "Walitudanganya, omera. Mimi na wewe." Bega lake lilikuwa limevimba. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyedanganywa.

Frankline alitaka video. Alitaka nilikate anguko lake lote, nianzie farasi akiwa ziwani, anakuja, anapata adabu. Nikamkatia, nikamtumia. Akaiweka kwenye mtandao na neno moja chini yake, "Adabu," na watu elfu kadhaa wakaweka vicheko.

Wiki mbili baadaye mteja mmoja alimwonyesha Ajwang' video hiyo hapo langoni, karibu na ndoo ya sabuni, akidhani atafurahi kujiona. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Nilisikia kelele za pikipiki kutoka kwenye simu, nikasikia sauti yangu, karibu kabisa na kamera, ikisema imeisha, dada. Aliomba kurudishiwa nyuma. Aliitazama mara tatu. Pale mwanzoni kabisa, kabla ya sauti yangu, mgongo wa Frankline ulikuwa umejaza picha, na mkono ukiwa mgongoni, na tawi ndani ya mkono. Picha nzuri, safi, imeshikwa bila kutetemeka. Alimrudishia mteja simu yake na kumwambia anawe.

Neno lile halitumii tena. Alilijaribu mara moja tu baada ya matanga. Okinyi aliinua kichwa, akamtazama kutoka ng'ambo ya kiwanja, akarudi kwenye majani. Karanja alifoka kuhusu biashara. Ajwang' alimwambia, "Ukitaka ngozi, chukua na yangu," kisha akabeba kigoda na beseni na kuanza upya, mgongo kwa farasi, viazi, habari za mvua. Safari ya kwanza ilikuwa siku kumi na moja. Hii ilichukua siku hamsini na mbili. Nilizihesabu, maana sikuwa na la kufanya ila kutazama kutoka nje ya waya. Siku ya hamsini na mbili Okinyi alivuka kiwanja, bila kuitwa, akampumulia kisogoni.

Kesho yake nilinunua viazi vitamu, vile vyekundu anavyovipenda, mfuko mzima, nikampelekea langoni. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba niliona, ingawa alijua. Aliuchukua mfuko, akachungulia ndani, akauweka chini karibu na ndoo. Kisha akanikenulia, meno yote nje, kama ninavyowakenulia wale wenye vidole vya mafuta.

"Asante sana, mkubwa," akasema, na akafunga lango.